Bunduki za Vita vya Chiwata: Je, Mtutu Mnene Ndio Upigao Mbali?

Watu wengi wakiona bunduki mbili zimewekwa pamoja, moja ina mdomo mpana na ya pili ina mdomo mwembamba, husema mara moja kwamba ile yenye mdomo mpana ndiyo yenye nguvu, na ndiyo ifikayo mbali. Imani hiyo twaisikia hata darasani. Katika makala haya tutaipima kwa hesabu. Wala hatuna haja ya kusafiri kutafuta mifano, maana miezi ya Oktoba na Novemba 1917 bunduki za namna nyingi zilikutana hapa kwetu, katika vita vilivyopita Mahiwa, Masasi, Chiwata na Newala. Askari waliozishika na wapagazi waliobeba risasi zake walijifunza tofauti ya bunduki moja na nyingine kwa gharama kubwa sana.

Mambo ya kujua kwanza

Unene wa bunduki hupimwa kwa upana wa tundu la mtutu, yaani kipenyo chake. Tukisema bunduki ya milimeta 11, maana yake tundu lake lina upana huo. Kitu kinachoruka ni risasi. Kinachobaki ni ganda, ambalo hapo kwanza lilikuwa na baruti ndani yake.

Ndani ya mtutu wa bunduki za vita mna michirizi iliyochongwa kwa kuzunguka, kama uzi wa skrubu. Risasi ikipita humo hushika mzunguko, na mzunguko huo huifanya iende sawasawa bila kupinduka, kama vile pia ya watoto inavyosimama wima wakati inapozunguka. Gobori halina michirizi. Gololi yake hutoka ikigongana na kuta za mtutu, na ikifika nje hujiendea ipendako. Ndiyo sababu mwenye gobori hana budi kumsogelea mnyama mpaka karibu sana. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipofika Masasi, bunduki za wapiganaji wetu zilikuwa hasa magobori, na wenzao waliowakabili walikuwa na bunduki zenye michirizi na mizinga ya bombom. Ujasiri ulikuwapo, lakini gololi haikufika walikokuwa adui.

Bunduki nne

Katika vita vya 1914 hadi 1918 bunduki nne zatufaa kwa kulinganisha. Tarakimu za uzito na mwendo ni za kadiri, kwa maana risasi za bunduki moja zilitengenezwa kwa namna zaidi ya moja.

Ya kwanza ni Mauser ya mwaka 1871, ya Wajerumani. Kipenyo chake ni milimeta 11. Risasi yake ni ya risasi tupu, ina ncha butu na uzito wa gramu 25. Hutoka mtutuni kwa mwendo wa meta 435 kwa sekunde. Hupakiwa risasi moja moja.

Ya pili ni Mauser ya mwaka 1898, nayo ya Wajerumani. Kipenyo ni milimeta 7.92, risasi ina ncha kali na uzito wa gramu 10, na mwendo ni meta 870 kwa sekunde. Huchukua risasi 5 kwa mara moja.

Ya tatu ni Lee-Enfield ya Waingereza. Kipenyo ni milimeta 7.7, risasi ni gramu 11.3, mwendo ni meta 744 kwa sekunde. Huchukua risasi 10.

Ya nne ni Mauser-Vergueiro ya Wareno, ya mwaka 1904. Hii ndiyo nyembamba kuliko zote: kipenyo milimeta 6.5, risasi gramu 10, mwendo meta 715 kwa sekunde. Huchukua risasi 5.

Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika nchi hii lilikuwa na kompania 14, na nyingi kati ya hizo zilikuwa bado na ile bunduki ya kwanza, ya 1871. Askari wengi wa Kiafrika walikwenda vitani wakiwa na silaha iliyotengenezwa kabla wao hawajazaliwa.

Hesabu ya nguvu

Nguvu ya kitu kinachokwenda, ambayo katika somo la Fizikia huitwa nishati, hupatikana hivi: chukua nusu ya uzito kwa kilo, zidisha kwa mwendo, halafu zidisha kwa mwendo tena. Jibu huwa ni juli. Mwanafunzi yeyote aweza kuifanya hesabu hii kwa penseli.

Risasi nene ya 1871 hupata juli 2,365. Risasi ya Wareno, ambayo ni nyembamba kuliko zote, hupata juli 2,556. Ya Lee-Enfield hupata 3,127, na ya Mauser mpya hupata 3,785.

Basi tazama! Bunduki yenye mdomo mpana kuliko zote ndiyo iliyo ya mwisho kwa nguvu. Sababu ni kwamba katika hesabu hii uzito huingia mara moja tu, bali mwendo huingia mara mbili. Ukiongeza uzito wa risasi maradufu, nguvu huongezeka maradufu. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu huongezeka mara nne.

Hesabu ya kufika

Kila risasi itokapo mtutuni huanza kuanguka palepale, kama embe litokalo mtini. Haijali kwamba inakwenda mbele kwa kasi. Ardhi huivuta vilevile. Kwa hiyo swali si kama itaanguka, bali itaanguka kiasi gani kabla haijafika.

Tuchukue umbali wa meta 200, yaani kama viwanja viwili vya mpira vikipangwa kwa urefu. Tukiacha kwanza upinzani wa hewa, risasi ya 1871 huhitaji karibu nusu sekunde kufika huko, na katika muda huo huanguka zaidi ya meta 1. Risasi ya Lee-Enfield huanguka sentimeta 35 hivi. Ya Mauser mpya huanguka sentimeta 26 tu. Mlengaji wa bunduki ya zamani akikosea kukadiri umbali kwa hatua chache, risasi yake hupita juu ya kichwa au hupiga udongo. Mwenye bunduki mpya huweza kukosea kidogo na bado akapiga.

Tena hewa haikubali kuachwa nje ya hesabu. Risasi pana yenye ncha butu husukuma hewa nyingi, kama mtu aogeleaye amebeba ungo mbele ya kifua. Risasi nyembamba yenye ncha kali hupasua hewa kama omo ya mtumbwi inavyopasua maji. Ndiyo sababu risasi nene ya zamani, pamoja na uzito wake, hupoteza mwendo wake mapema.

Labda msomaji atauliza: kwa nini kilengeo cha bunduki ile ya 1871 kilikuwa na alama mpaka meta 1,600? Jibu ni kwamba alama hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kumpiga mtu mmoja. Zamani askari wengi walifyatua kwa pamoja, kwa amri moja, juu ya kundi kubwa la watu au farasi. Risasi ziliwaangukia kama mvua, na nyingine zilipata na nyingine zilikosa. Kilengeo cha Mauser mpya kilifika meta 2,000 kwa sababu hiyohiyo. Umbali ulioandikwa juu ya chuma si ahadi kwamba utapiga.

Moshi

Hata hivyo, katika nchi yetu jambo lililowaumiza zaidi askari wenye bunduki ya 1871 halikuwa umbali wala nguvu. Lilikuwa moshi.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki kama masizi na moshi mzito. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya namna nyingine, iliyoungua karibu yote bila kuacha moshi na yenye kusukuma kwa nguvu zaidi. Baruti hiyo ndiyo iliyowezesha mitutu kuwa myembamba. Kwanza bunduki zilipaswa kuwa nene, kwa kuwa baruti nyeusi haiwezi kuipa risasi mwendo mkubwa, na njia pekee ya kuongeza nguvu ilikuwa kuongeza uzito. Baada ya baruti mpya kupatikana, unene haukuwa na lazima tena. Katika muda wa miaka michache majeshi ya Ulaya yaliziweka kando bunduki za milimeta 11, na nyingi zilipelekwa katika makoloni.

Sasa fikiri habari ya vichaka vya uwanda wa Makonde. Kutoka ukingoni macho huona mbali sana, hadi milima ya mawe ya Masasi na zaidi. Lakini ukiingia vichakani huoni hatua hamsini mbele yako. Katika mahali kama hapo bunduki ifikayo meta 1,000 haina faida kubwa kuliko ifikayo meta 200. Faida kubwa ni kutoonekana. Askari mwenye Lee-Enfield aliweza kufyatua mara kumi akiwa amelala nyuma ya kisiki, wala adui asijue risasi zatoka wapi. Askari mwenye Mauser ya 1871 alifyatua mara moja, na wingu jeupe likapanda juu ya kichaka chake. Adui hakuwa na haja ya kumwona mtu. Alilenga chini ya moshi kwa mzinga wa bombom.

Mtu aliyepewa bunduki hiyo alijua jambo hilo kila alipovuta kifyatulio.

Mzigo wa mpagazi

Kuna upande mwingine ambao vitabu vya bunduki huusahau. Hapakuwa na motakaa za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, basi risasi zilipita juu ya vichwa vya watu.

Risasi kamili ya 1871, pamoja na ganda na baruti yake, ina uzito wa gramu 43 hivi. Ya Mauser mpya ina gramu 24 hivi. Tukisema mpagazi alibeba kilo 25, na tukiacha uzito wa sanduku, alibeba risasi 580 za zamani au zaidi ya 1,000 za mpya. Ili askari wapate idadi ileile ya risasi nene, palihitajika karibu wapagazi wawili mahali pa mmoja. Na kila mpagazi alikula chakula, nacho kilitoka katika mashamba ya watu wa hapa.

Mwezi wa Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilifika katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa imejaa mizinga na risasi. Shehena yote ile ilipandishwa bara kwa miguu na vichwa vya watu. Upande wa Waingereza nao ulitumia wapagazi kwa mamia ya maelfu, na waliokufa kati yao wakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mnara wa Askari uliopo Dar es Salaam, uliosimamishwa mwaka 1927, unaonyesha askari ameshika bunduki yenye singe. Maneno yaliyoandikwa chini yake huwakumbuka wapagazi pia.

Jinsi risasi zilivyoamua vita vya Chiwata

Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 palikuwa na vita vikali sana huko Mahiwa, katika njia ya Lindi. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 waliouawa na kujeruhiwa, na Wajerumani zaidi ya 500. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakushindwa siku zile, lakini alitumia sehemu kubwa ya risasi zake zisizo na moshi. Zilizobaki zilikuwa nyingi zaidi za ile bunduki ya 1871.

Aliporudi nyuma hadi Chiwata, mambo mawili yalimbana: chakula na risasi. Katikati ya Novemba Waingereza waliingia Chiwata. Yeye akapanda uwanda, akawaacha nyuma mamia ya Wazungu na askari, wengi wao wagonjwa, akachagua watu wapatao 2,000 tu, kwa sababu hakuwa na chakula wala risasi za kutosha zaidi ya hao.

Wakati huohuo Ujerumani ilijaribu kumsaidia kwa njia ya ajabu. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha angani, L59, kiliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria kuja uwanda wa Makonde. Kilibeba tani 15 za vitu, na miongoni mwake risasi zaidi ya laki 3. Kilipokuwa juu ya Sudani, magharibi ya Khartoum, kiliamriwa kwa simu ya upepo kurudi, maana habari zilisema uwanda umekwisha kutekwa. Kilitua kilikotoka baada ya safari ya saa 95.

Lettow-Vorbeck hakukingoja. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma, akaiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, na humo akapata bunduki na risasi karibu robo milioni. Basi wale askari waliokuwa na bunduki nene ya moshi walishika sasa ile nyembamba kuliko zote, ya milimeta 6.5, wakafurahi. Siku tatu baadaye, tarehe 28, kikosi chake kingine chini ya Tafel, kilichokuwa kikimtafuta, kilijisalimisha kwa kukosa chakula.

Jeshi lililobaki liliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Wajerumani lilimaliza vita kwa bunduki za adui zake. Bunduki bila risasi ni rungu, na rungu ghali.

Wawindaji nao walijifunza

Somo hili wawindaji wa ndovu walilipata kabla ya wanajeshi. Frederick Selous, aliyekuwa mwindaji mashuhuri, katika ujana wake kusini ya Zambezi alitumia bunduki yenye tundu la zaidi ya sentimeta 2 na nusu, irushayo gololi ya gramu 113. Iliangusha ndovu, lakini ilimpiga begani vibaya hata yeye mwenyewe akasema iliharibu ulengaji wake. Baadaye aliiacha, akatumia bunduki nyembamba zaidi. Huyu Selous aliuawa Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65, kwa risasi ya mlenga shabaha aliyejificha. Kaburi lake liko hukohuko, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mwenzake, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika nchi ya Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000 na wengi wao kwa bunduki ya milimeta 7 tu. Alijua mahali ubongo ulipo ndani ya fuvu, na bunduki yake haikumtikisa.

Bunduki nene za siku hizi

Msomaji mwangalifu atasema: mbona siku hizi walenga shabaha wa majeshi hutumia tena bunduki nene, za milimeta 12.7? Ni kweli. Lakini linganisha. Unene wake wapita ule wa Mauser ya 1871 kwa milimeta chache tu, ila risasi yake ya gramu 43 hivi ina ncha kali na huenda meta 880 kwa sekunde. Nguvu zake ni juli zaidi ya 16,000, mara saba za ile ya zamani. Hapo unene na mwendo na umbo vimekwenda pamoja. Gharama yake ni uzito: bunduki moja ya namna hiyo yaweza kufika kilo 14, na risasi zake ni mzigo juu ya mzigo.

Mwaka 2017 jeshi la Kanada lilitangaza kwamba askari wake alimpiga mtu huko Iraki kwa bunduki hiyo kutoka meta 3,540. Risasi ilikuwa angani karibu sekunde 10. Lakini mwaka 2009 Mwingereza mmoja huko Afghanistani alipiga kutoka meta 2,475 kwa bunduki ya milimeta 8.6, nyembamba kuliko ile ya moshi ya Chiwata. Kwa umbali huo mlengaji hahitaji mtutu tu. Huhitaji kupima upepo, joto la hewa na umbali wenyewe kwa vyombo. Naye aliyepigwa hakusikia chochote, wala hakupata kumwona aliyemwua. Tusisahau jambo hilo tunapozitaja meta hizi kana kwamba ni za michezo.

Neno la mwisho

Basi jibu la swali letu ni hili. Mtutu mnene peke yake haupigi mbali. Kwanza ni mwendo, kisha umbo la risasi, ndipo uzito. Na juu ya hayo yote ni kama unaonekana ufyatuapo, na kama kuna mtu wa kukuletea risasi nyingine.

Mambo mawili twawaomba wanafunzi. Kwanza, anayeokota risasi au kombora la zamani shambani au porini asiligonge, asilitie motoni, wala asilete shuleni. Baruti yaweza kukaa miaka mia na bado ikaua. Aweke alama mahali pale, akamwambie mzazi, mwalimu au polisi. Pili, wale waliobeba mizigo ya 1917 wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wako katika vijiji vyetu. Likizo hii waulizeni babu na bibi waliambiwa nini juu ya njia walizopita, mizigo waliyobeba na chakula kilichochukuliwa ghalani, mkaandike. Hesabu za bunduki zimo vitabuni tayari. Habari hizo hazimo.